Nilitumwa Mwene-Ditu: maelezo kwa kijana anayefikiri kwenda misioni



Ku mkutano wetu wa mwisho vijana wawili walinifwata inje, karibu na mlango. Mmoja ni finalisti. Mwingine alipata diplomu yake mwaka uliopita na mpaka leo anatembeza dosie ku maofisi. Wote wawili makanisa yao yamewaomba kwenda misioni, mbali na kwao, kwa miaka miwili. Waliniuliza: "Yaya, weye ulienda. Tuende ao tusiende?" Niliwajibu maneno mafupi tu, kwa sababu watu walikuwa wananingoja. Jibu la kweli ni refu. Ninaliandika hapa, maana ninajua kwamba kati yetu kuna wengine wanaobeba swali hilo hilo na hawajathubutu kuliuliza.

Tuanze na neno lenyewe. "Misionari" linatoka ku Kilatini, kwenye neno la kutuma. Kwa hiyo misionari si mtu anayependa dini kupita wengine, wala si yule anayehubiri kwa sauti kubwa. Ni mtu aliyetumwa. Na mtu akikuambia kwamba umetumwa, maswali yanayofwata ni ya kawaida, sawa vile ungeuliza kama ni kampuni inakutuma: nani ananituma, wapi, kwa muda gani, nitafanya nini, nitakula nini, na nikigonjwa nani atanirudisha? Vijana wengi wanaona haya kuuliza. Wanawaza kwamba kuuliza ni kukosa imani. Mimi pia niliona haya, na nililipa.

Makanisa hayatumi kwa namna moja. Ku Wakatoliki, chukua mfano wa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na askofu mkuu Lavigerie. Kijana anayejiunga nao anafanya stage ya miaka miwili ndani ya jumuiya ya kimisionari, mara nyingi ku inchi ingine, mbele ya kumaliza teolojia. Kisha anaapa kwa maisha yote. Ku Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale watu wanawaita Wamormoni, wavulana wanakwenda miaka miwili, wasichana miezi 18, na hawachagui mahali: barua inafika, inakuambia ni wapi, unafunga sanduku. Wanatembea wawili wawili, jina limeandikwa kifuani. Unaweza kuwacheka namna walivyovaa, lakini kuna akili ndani ya ile wawili wawili. Mtu peke yake mbali na kwao anaharibika haraka.

Ku Waprotestanti wa ECC jumuiya ni nyingi na kila moja ina desturi yake. Nyingine zina maandalizi ya kweli. Nyingine zinakupa barua yenye muhuri, wanakuombea mbele ya kanisa, wamama wanaimba, na kesho yake uko peke yako ndani ya treni. Yangu ilikuwa ya aina ya pili. Sitaitaja.

Mwezi wa tisa 2018 nilipewa barua ya kwenda Mwene-Ditu, mkoa wa Lomami, kwa miezi 24, kama mwinjilisti msaidizi na mwalimu. Nilikuwa na miaka 25 na diplomu ya saikolojia na elimu kutoka UNILU. Waliniahidi dola 60 kila mwezi na chumba nyuma ya kanisa. Feza ilifika miezi mitatu. Mwezi wa ine haikufika, wala wa tano, wala tena. Nilipopiga simu waliniambia nivumilie, hata mtume Paulo alishona mahema. Nilitaka kuwajibu kwamba Paulo alikuwa na kazi ya mahema, mimi nilikuwa na saikolojia. Watu walionilisha kwa miezi 21 iliyobaki ni waumini wa Mwene-Ditu, watu ambao wengine walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Kwa hiyo neno la kwanza kwa wale vijana wawili ni hili: ombeni maandishi, pamoja na jina la mtu atakayejibu simu. Usipokuwa na hayo, wale unaokwenda kuwahudumia ndio watakaokuhudumia, na hawakuulizwa.

Niseme pia kitu ambacho ku ushuhuda wa kanisani hatusemagi. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu bila kazi. Nilikuwa ninaona haya kukaa nyumbani mchana. Wakati kamati ilipotaja jina langu, nilisikia furaha, na nikaiita mwito wa Mungu. Ilikuwa mwito? Mpaka leo sijui kupima ni nusu gani ilikuwa Mungu na nusu gani ilikuwa kukimbia macho ya majirani. Siwaambii hivi ili muogope. Mungu anaweza kumtuma mtu asiye na kazi, Biblia imejaa watu wa namna ile. Lakini mtu ajue anabeba nini, sababu kule mbali, usiku wa tatu wa malaria, ile nusu ya uongo inaanguka yenyewe, na ni vizuri kama umekwisha kuizoea.

Treni ilituchukua siku sita. Lubumbashi, Likasi, Tenke, Bukama, Kamina ambako tulingoja mashini siku mbili, Kaniama, Luputa, Mwene-Ditu. Reli hii ndiyo ya zamani ya BCK, iliyofika Ilebo mwaka 1928, na ninaomba muikumbuke, kwa sababu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mambo ninayotaka kusema. Wakati ule mimi sikuifikiria. Nilikuwa ninafikiria mahubiri. Nilikuwa nimeandika kumi na mbili, yote kwa Kiswahili na Kifaransa, nimeyapanga ndani ya daftari.

Mahubiri hayo hayakunisaidia kitu. Mwene-Ditu watu wanaongea Tshiluba, na pembeni Kikanyoka, lugha ya wenyeji. Kifaransa ni cha shule. Nilipewa mfasiri, kijana mmoja wa korale, mchangamfu sana. Nilikuwa ninasema sentensi moja ya maneno matano, yeye anaongea dakika tatu, watu wanacheka, wanalia, wanapiga makofi. Miezi miwili nilikuwa ninashangilia namna Roho anavyofanya kazi. Nilipoanza kuelewa Tshiluba niligundua kwamba alikuwa anahubiri yake.

Namna ya kujifunza lugha ni moja tu, kukubali kuwa mjinga mbele ya watu wote. Kule salamu ni "moyo". Mtu anakuambia moyo, unajibu moyo. Mimi nilifurahi, niliwaza nimekwisha kujua neno la kwanza, ni moyo sawa na wetu. Hapana. Neno lile linabeba uhai. Anayekusalimu anakutakia uzima. Moyo wenyewe, ule wa kupenda na kuumia, wanasema "mutshima". Siku moja nilisimama bila mfasiri, nikataka kuwaomba watu wampe Mungu mioyo yao, na nilichowaambia ni kama kwamba wamsalimie. Mzee mmoja alijibu kwa heshima kubwa kwamba wamekwisha kumsalimia asubuhi. Watoto walinirudilia sentensi ile mwaka mzima.

Kuna kijana mwingine aliyefika Kasai mbele yangu na kupitia mashaka ya namna hii, na historia yake ilinishika sana wakati ule. Aprili 1891 vijana wawili Wapresbiteri kutoka Marekani walifika Luebo: Samuel Lapsley, mweupe, na William Sheppard, mweusi. Walikuwa na umri wetu, miaka 25 ao 26 hivi. Mwaka haukuisha vizuri: Machi 1892 Lapsley alikufa kwa homa huko Matadi. Sheppard alibaki. Mfalme wa Bakuba alikuwa amekataza mtu yeyote kuonyesha wageni njia ya kufika ku mji wake. Sheppard hakuleta amri ya leta. Alikuwa ananunua mayai. Anafika kijiji, anayanunua na kuyala mpaka yanaisha, kisha anaomba watu wake waende kununua mengine ku kijiji kinachofwata, naye anafwata nyayo zao. Kijiji kwa kijiji, yai kwa yai, mpaka alifika Mushenge. Na kwa sababu alikuwa amekwisha kujifunza kuongea lugha yao, hawakumuua. Walisema ni mzimu wa mfalme wao wa zamani amerudi.

Sehemu hii ya mayai watu wanaipenda, na mimi ninaipenda. Lakini sehemu inayofwata ndiyo inaeleza kazi. Mwaka 1899, wakati wa mpira wa Leopold, misioni ilimtuma Sheppard kuangalia vijiji vilivyoshambuliwa kwa ajili ya kodi. Aliingia ku kambi ya wale waliofanya mauaji, akaongea nao, wakamwonyesha wenyewe. Alihesabu mikono 81 iliyokatwa, inakaushwa juu ya moto. Aliandika hesabu. Baadaye, juu ya maandishi mengine kuhusu namna Kampuni ya Kasai ilivyotendea Bakuba, alishitakiwa, na mwaka 1909 alisimama mbele ya tribunali ya Léopoldville, akashinda. Yeye na mke wake Lucy walikuwa wamekwisha kuzika watoto wawili hapa Kongo. Watu hawakumwonyesha Sheppard ile mikono sababu ya mahubiri yake. Walimwonyesha sababu alikuwa anaelewa wanayosema. Lugha unajifunza ili watu wakusikie, halafu unashituka, ni weye sasa unayesikia.

Na mimi nilisikia nini? Hapa ndipo ninataka kukaa.

Mwezi wa pili nilikwenda soko kununua mafuta ya ngazi. Sikujua kuomba bei kwa Tshiluba, nikasema kwa Kiswahili, namna mtu anasema akichoka. Mama aliyekuwa anauza, mwenye miaka karibu makumi sita, aliinua kichwa.

"Ile Kiswahili unaitosha wapi?"

"Lubumbashi, mama."

"Na bazazi yako?"

"Baba alitumika ku Gécamines, ku Likasi."

Alifunga bidoni yake, akageukia mteja mwingine, akaongea Tshiluba. Nilisimama pale na kopo yangu. Hakuniangalia tena. Niliwaza nimekosa heshima, labda nilipashwa kusalimia kwanza. Mfasiri wangu ndiye aliyenieleza njiani, kwa sauti ya chini: "Yule ni wa Likasi. Balibafukuzaka."

Kwa wale wadogo ambao wazazi hawajawaambia: Wakasai hawakuja Katanga kama wavamizi. Waliletwa. Tangu wakati wa wakoloni, reli na Union Minière waliwaandika kazi na kuwapandisha treni, wakajenga migodi pamoja na wazee wetu, wakazaa watoto, na watoto wakazaa. Kisha mwaka 1992, mwezi wa munane, Conférence Nationale ilipomchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, ku mkoa wetu, ulioitwa Shaba wakati ule, walianza kuwafukuza. Viongozi walihubiri, vijana wakafanya. Likasi watu walijazana ku kituo cha treni na ku mashule, wakingoja treni majuma na majuma, na wengi walikufa pale pale, kwa njaa na kwa magonjwa. Mwaka 1993 ilikuwa Kolwezi. Watu waliofukuzwa ni mamia ya maelfu. Treni ziliwashusha njiani, na mji mmoja waliposhuka ni Mwene-Ditu.

Kwa maneno mengine, nilikuwa nimefika kuhubiri upendo wa Kristo kwa njia ya reli ile ile, ndani ya lugha ile ile waliyofukuzwa nayo. Hakuna mtu wa kamati aliyeniambia. Sidhani kama walificha. Ninadhani hawakufikiri.

Ninajua kwamba jambo hili ni la moto. Kuna watu wetu waliolipoteza kila kitu vilevile ndani ya siasa za miaka ile, na kuna hasira za pande zote. Leo tena, watu wanaposhuka Lubumbashi kutoka Kasai na mizigo yao kichwani, maneno ninayoyasikia ndani ya taksi, hata ku auditoire, yanafanana sana na yale ya 1992. Siandiki ili kuhukumu mtu. Ninaeleza kazi ya misionari, na kazi yangu ilianzia pale.

Nilirudi kwa yule mama. Kila juma, posho ya kununua mafuta, hata wakati sikuhitaji. Nilikuwa na ile ya Sheppard ndani ya kichwa, mayai yangu yalikuwa mafuta ya ngazi. Nilijifunza kuomba bei kwa Tshiluba, kushukuru kwa Tshiluba. "Tuasakidila, mamu." Alikuwa ananirekebisha matamshi bila kucheka. Januari 2019, wakati Félix Tshisekedi alipotangazwa raisi na mji mzima ukaingia barabarani kwa furaha, pasta aliniomba nibaki ndani siku mbili. Hakuna mtu aliyenigusa. Siku ya tatu nilikwenda soko, na yule mama, bila kuniangalia, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha kwetu:

"Weye haukuogopa?"

Nilimwambia niliogopa kidogo.

"Kidogo," alisema. "Kaa hapa."

Alinisogezea kiti kidogo, akaendelea kuuza. Aliniambia kwa vipande, kati ya mteja na mteja. Alizaliwa Likasi, ku Kikula. Baba yake vilevile alizaliwa kule. "Huku miye nilikuyaka na miaka makumi tatu na mbili. Sikujua hata njia ya mto." Watoto wake walichekwa Mwene-Ditu sababu Tshiluba yao ilikuwa mbaya; nyumbani walikuwa wanaongea Kiswahili. Mume wake alikufa ku kituo cha treni, siku ya kumi na nane ya kungoja. Alisema namba hiyo, kumi na nane, na akapima mafuta ya mtu bila kumwaga.

Kisha aliniuliza: "Baba yako alikuwa wapi ile mwaka?"

Mimi nilizaliwa 1993. Sikuwa nimeuliza hata siku moja. Jioni nilinunua unite, nikapiga simu nyumbani. Baba alinyamaza muda mrefu, nikawaza mtandao umekatika. Alisema: "Tulikuwa mu nyumba. Tulifunga mulango." Akaniuliza kama ninakula vizuri.

Siku mbili nyuma ni mama aliyepiga. "Baba yako hakukuambia ya mashini."

Mashini ya kushona ya mama yangu, wote waliofika kwetu wanaijua, iko karibu na dirisha. Mama aliinunua mwaka 1992 kwa jirani, Mkasai, aliyekuwa anakwenda ku kituo cha treni na watoto. Bei ilikuwa ya mfuko mmoja wa bunga. Yule jirani hakuwa na nguvu ya kukataa bei, hakuweza kuipandisha ku vagoni. Mama alisema: "Nilimulipa. Bengine balinyanganya tu." Kisha alilia. Na ile mashini ndiyo iliyoshona uniforme za wanafunzi wa mtaa mzima kwa miaka yote, na uniforme hizo ndizo zilizolipa minervali yangu ya UNILU, miaka mitano, mpaka ile diplomu niliyobeba ndani ya sanduku kuja Mwene-Ditu.

Sikulala. Sijui kama mwenzangu mwingine angefanya nini. Juma lililofwata nilikwenda nikamwambia yule mama kila kitu, na mashini ndani. Nilikuwa nimeandaa namna ya kuomba msamaha, na mstari wa Biblia. Hakuniacha nifike ku mstari.

"Mama yako alimulipa?"

"Kidogo, mama. Bei ya mfuko wa bunga."

"Alishonaka nguo ya nani?"

"Ya wanafunzi."

Alifikiri. "Basi. Ulisoma," alisema, na akaita mteja.

Kazi yangu ya kweli ilianza kisha ya siku ile, ijapokuwa hakuna mtu angeiona ndani ya ripoti. Tulikuwa na fomu ya kila miezi mitatu: wangapi wamehubiriwa, wangapi wamebatizwa, wangapi wamerudi nyuma. Yule mama alikuwa na kanisa yake tangu utoto, hakuingia yetu hata siku moja. Hakuna kisanduku cha kumwandika. Lakini yeye alinipeleka kwa wengine, watu wa Kikula, wa Panda, wa Kolwezi, wazee waliotaka tu kuongea Kiswahili na mtu jioni. Wengine walitaka niwaandikie barua za kutafuta watoto waliopotelea njiani. Wengine walitaka kunilaumu, na walinilaumu vizuri. Nilikuwa ninakaa na kusikia. Mchana nilifundisha watoto kusoma Kifaransa, hiyo ndiyo nilisomea, na nafikiri niliifanya bila aibu. Machi 2020 leta ilipofunga makanisa juu ya korona, misionari wengi walisema kazi imekufa. Yangu haikubadilika sana. Hakukuwa na mimbari ndani yake.

Mambo mengine niyapitie haraka. Malaria: nilishikwa mara sita, beba dawa zako na feza ya maabara, usitegemee kanisa. Chakula: kule ni nshima, ya bunga ya mahindi na muhogo pamoja, si bukari yetu nyeupe, tumbo linazoea ndani ya mwezi moja. Matamba yao ni sombe yetu, na wanayapika kutupita. Mchumba: kama uko naye, mwambie ukweli juu ya miaka miwili, na usimwite asiye na imani akichoka. Wangu alichoka. Kazi: ukirudi, wenye maofisi watakuuliza ulikuwa wapi miaka ile miwili, na neno "misioni" halitawashangaza. Andika kwa Kifaransa kizuri ulichofanya, ulifundisha wangapi, lugha gani ulijifunza. Tshiluba ndiyo iliyonipatia kazi niliyo nayo leo, kwa hiyo msidharau.

Na swali la nani atakutuma wapi: mbele ya kupanda treni ao ndege, uliza wazazi wako watu wa pale wanawajua kwa nini. Uliza wao, usiulize kamati. Mimi niliuliza nikiwa nimekwisha kufika, kwa simu, na unite iliisha.

Nilirudi mwezi wa tisa 2020. Siku ya kuondoka yule mama alikuja ku kituo cha treni, mahali ambapo, aliniambia, hakuwa amekanyaga tangu ashuke pale. Alinipa chupa ya mafuta ya ngazi ya litre tano, imefungwa vizuri na plastiki. "Ya mama yako. Umwambie imetoka kwa mutu ya Kikula." Nikatosha feza. Akaniangalia mpaka niliirudisha mfukoni.

Nyumbani mama aliniuliza nilinunua bei gani, maana Lubumbashi mafuta yalikuwa yamepanda. Nilimwambia sikununua, na nikamwambia yametoka kwa nani. Alikaa ku kiti chake karibu na mashini, chupa juu ya magoti. Muda ulipita. Kisha aliniuliza kama yule mama alitaja jina la avenue waliyokaa kule Kikula.

Nilisema hapana, sikuuliza.

"Ungeuliza," alisema.